Kufundisha Matumizi ya Kibanio cha Springi za Valvu

Utangulizi

Mwalimu wa kazi za mikono katika shule ya msingi hukabidhiwa zana za namna nyingi: jembe, msumeno, tupa, nyundo, sindano. Nyingi kati ya hizo zina tabia moja inayomfaa sana mwalimu: mkono ukisimama, nazo husimama. Msumeno ulioachwa katikati ya ubao haukati tena, na jembe lililolazwa halilimi. Lakini ziko zana chache ambazo hutunza nguvu ndani yake. Mkono ukiondoka, nguvu ile hubaki pale pale ikingoja njia ya kutokea. Kibanio cha springi za valvu ni zana ya namna hiyo.

Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo matatu: kibanio hiki hufanya kazi gani, mwalimu achague kipi, na akifundisheje. Huenda mwanachuo akauliza: mambo haya ya injini yanamhusu nini mwalimu wa shule ya msingi? Jibu ni kwamba injini imekwisha kuingia katika maisha ya mwanafunzi. Iko katika mashine ya kusaga nafaka, katika pampu ya maji, katika jenereta na pikipiki. Nchini Tanzania, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iambatane na maisha ya jamii inayoizunguka. Na Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilisisitiza kuunganisha elimu na kazi. Mihutasari imebadilika mara nyingi tangu miaka hiyo, lakini swali moja halijabadilika: mtoto afundishweje zana inayoweza kumdhuru, bila kumnyima elimu na bila kumponza?

Kazi ya valvu na springi yake

Valvu ni mlango wa silinda. Kwa kawaida kila silinda huwa na mlango wa kuingiza na mlango wa kutolea moshi, japo injini nyingine huwa na zaidi ya miwili. Umbo lake ni kama uyoga: kichwa bapa na shina refu. Kamshafti huisukuma ifunguke, na springi huirudisha ifunge. Katika injini ya mipigo minne kila valvu hufunguka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Hapana budi springi iwe na nguvu ya kutosha kuufuata mwendo huo bila kuchelewa.

Springi hiyo huzunguka shina la valvu. Juu yake hukaa kisahani chenye tundu katikati. Tundu hilo ni pana juu na jembamba chini, mfano wa faneli. Ndani ya tundu hukaa vipande viwili vidogo vya chuma, kila kimoja nusu ya pete, ambavyo mafundi huviita loki. Loki hushika mfuo uliochongwa karibu na ncha ya shina. Springi husukuma kisahani juu, kisahani hukaza loki, na loki hubana shina. Kadiri springi inavyosukuma ndivyo loki zinavyokaza. Ndiyo maana loki haziwezi kuvutwa kwa koleo. Dawa ni moja tu: kukishusha kisahani huku valvu ikizuiliwa isishuke pamoja nacho. Hapo loki hulegea, na mtu huziondoa bila taabu.

Hiyo ndiyo kazi ya kibanio. Kina sehemu mbili zinazotazamana: moja hukizuia kichwa cha valvu, na ya pili hukisukuma kisahani.

Nguvu hiyo ni kiasi gani? Katika magari mengi madogo springi husukuma kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20 hadi 40 hivi wakati valvu imefungwa. Tuchukue mfano wa kukokotoa darasani. Springi yasukuma kwa kilo 30 valvu ikiwa imefungwa, na kila milimeta moja ya kubanwa huongeza kilo 2. Fundi akiibana milimeta 8 zaidi ili aone loki, nguvu itakuwa 30 + (8 × 2), yaani kilo 46. Ni karibu uzito wa mfuko mzima wa saruji, uliokusanywa juu ya kisahani chenye upana wa sarafu. Kibanio kikiteleza wakati huo, kisahani na loki huruka kwa kasi ambayo hakuna jicho linaloweza kuikwepa.

Aina za vibanio

Vibanio vinavyoonekana katika karakana nyingi ni vya aina tatu.

(i) Kibanio cha umbo la C. Ni fremu kubwa ya chuma inayoizunguka silinda hedi iliyokwisha kuondolewa kwenye injini. Mguu mmoja hukaa juu ya kichwa cha valvu, upande wa chumba cha mwako. Mguu wa pili una kikombe chenye dirisha, nao hukaa juu ya kisahani. Vingine hubana kwa skrubu ndefu, vingine kwa mkono wa wenzo unaolala na kujifunga kwa mara moja.

(ii) Kibanio cha makucha. Hiki huishika springi yenyewe kwa makucha mawili, na skrubu huyavuta yakaribiane. Hutumika hasa silinda hedi isipoondolewa kwenye injini.

(iii) Kibanio cha wenzo wa juu. Hiki huegemea mahali fulani juu ya silinda hedi, kwa mfano kwenye boliti ya roka, na kusukuma springi chini kama mtu anayekandamiza pampu.

Katika aina ya pili na ya tatu hakuna mguu unaokizuia kichwa cha valvu. Fundi hana budi kuizuia valvu kwa njia nyingine: kwa kujaza silinda upepo wa kompresa, au kwa kuingiza kamba laini na safi kupitia tundu la plagi, ncha yake ikibaki nje, kisha kuipandisha pistoni mpaka kamba iibane valvu. Njia hizo zafaa kwa fundi mzoefu. Kwa mwanafunzi hazifai, maana kinachoizuia valvu hakionekani, na kisichoonekana ni vigumu kukifundisha.

Mwalimu achague kipi?

Hapa ndipo fundi na mwalimu wanapoachana njia. Fundi huchagua kibanio kitakachommalizia kazi upesi, kwa kuwa mteja anangoja. Kwa ajili hiyo wengi hupenda kibanio cha wenzo: mkono mmoja, tendo moja, kazi imekwisha. Wengine hawatumii kibanio kabisa. Huweka kichwa cha spana ya boksi juu ya kisahani, wakapiga nyundo mara moja, na loki zikachomoka.

Mwalimu anatafuta kitu kingine. Anatafuta zana itakayosimama pale mwanafunzi anaposimama. Kibanio cha skrubu kina sifa hiyo. Kila mzunguko wa mpini hushusha kisahani kidogo tu. Mwanafunzi akisita, skrubu husita pamoja naye. Mwalimu akisema “simama”, kazi husimama katikati, na darasa zima huweza kutazama, kuuliza na kusahihisha. Wenzo hauna katikati: umefungwa au umefunguka. Nyundo nayo haina hata nafasi ya kusema “simama”. Kwa hiyo, palipo na uwezo wa kuchagua, mwalimu achague kibanio cha umbo la C chenye skrubu, ingawa ni cha polepole kuliko vyote. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai.

Baada ya kuamua aina, achunguze mambo manne kabla ya kununua au kuazima:

1. Kina cha fremu. Fremu iweze kulizunguka silinda hedi kutoka upande wa chumba cha mwako hadi kwenye springi bila kugusa ukingo. Yafaa kwenda dukani au karakana na vipimo mkononi.

2. Kikombe. Upana wake ulingane na ukingo wa kisahani. Kikiwa chembamba mno, kitazifunika loki. Kikiwa kipana mno, kitateleza pembeni. Katika injini ambazo springi imezama ndani ya shimo la tapeti, kikombe kiingie bila kukwaruza kuta za shimo, kwa kuwa kuta hizo aghalabu ni za alumini na mkwaruzo wake hauponi.

3. Dirisha la kikombe. Liwe na upana wa kutosha kupitisha bisibisi ndogo au sumaku ya kuokotea loki.

4. Unyofu. Skrubu ikazwe bila springi, na miguu miwili itazamane sawasawa. Fremu inayojipinda inapokazwa itateleza inapobeba mzigo.

Shule isiyo na kibanio yaweza kutengeneza. Huchukuliwa kipande kifupi cha bomba nene la chuma chenye upana wa kisahani, hukatwa dirisha ubavuni, na ncha zake hupigwa tupa mpaka ziwe bapa. Bomba hilo huwekwa juu ya kisahani na kubanwa kwa klempu imara ya seremala. Zana hiyo ni halali kwa springi nyepesi za injini ndogo, mradi ipite mtihani ule ule: je, isimamapo mkono, nayo husimama? Je, inakaa wima bila kushikiliwa? Jibu la mojawapo likiwa hapana, isitumike.

Hatua za kutumia

Mkufunzi au fundi anayeshirikiana na shule afuate utaratibu huu, nao wanachuo waujaribu wenyewe mara kadhaa kabla ya kusimama mbele ya darasa.

Kwanza, vaa miwani ya kinga. Laza silinda hedi juu ya meza imara, juu ya vipande vya mbao au kitambaa kinene.

Pili, gonga kisahani kidogo kwa bomba fupi na nyundo ya mbao. Loki zilizokaa miaka mingi huganda. Zisipolegezwa kwanza, mtu huendelea kukaza skrubu akidhani springi ni ngumu, kumbe kisahani kimeshikamana na loki. Kikiachia ghafula, kila kitu huruka.

Tatu, weka mguu wa kibanio katikati ya kichwa cha valvu na kikombe juu ya kisahani. Kaza hadi kishike, kisha simama na utazame kutoka pande mbili kama kimekaa wima.

Nne, kaza taratibu mpaka loki zionekane zimelegea, wala usizidishe. Mizunguko ya springi isigusane. Toa loki kwa sumaku au kwa bisibisi yenye grisi ncha yake.

Tano, legeza skrubu taratibu mpaka springi isimame yenyewe bila mzigo. Ondoa kibanio, kisahani na springi.

Sita, kabla ya kuitoa valvu, pitisha kidole karibu na ncha ya shina. Ukikuta ukingo uliofumuka, uondoe kwa tupa laini. Valvu isilazimishwe kupita, maana itakwaruza tundu linaloongoza shina.

Saba, panga kila valvu na springi yake katika kipande cha boksi kilichotobolewa na kuandikwa namba. Valvu iliyozoeana na kikalio chake irudi pale pale.

Kabla ya kurudisha, zisimamishe springi zote juu ya kioo au meza bapa na kuzilinganisha. Iliyofupika kuliko wenzake imechoka, iliyoinama haifai. Urefu kamili hupatikana katika kitabu cha injini husika.

Katika kurudisha, paka oili shina, weka sili mpya palipo na sili, bana springi, kisha weka loki zikiwa na grisi kidogo ili zishikamane na shina. Legeza taratibu huku ukitazama kama loki zote mbili zimekaa sawa. Mwisho, ondoa kibanio, funika kwa kitambaa, na ugonge ncha ya shina kidogo kwa nyundo ya mbao ili loki zitulie. Hatua hii isidharauliwe. Loki iliyokaa nusu yaweza kuchomoka injini ikiwa kazini. Valvu hudondokea ndani ya silinda, pistoni huigonga, na mashine ya kijiji kizima husimama.

Kufundisha zana hii

Mwaka 1919 Charles Allen wa Marekani, aliyeshughulika na mafunzo ya ufundi, alieleza hatua nne za kufundisha kazi: kumtayarisha mwanafunzi, kumwonyesha, kumpa atende, na kumpima. Hatua hizo zilitumika tena katika kuwafundisha wafanyakazi wa viwanda vya nchi hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Tunazipendekeza kwa somo hili, tukiongeza sharti moja la kwetu: mwanafunzi ajue nguvu iko wapi kabla mkono wake haujagusa zana.

Ni lazima pia tuweke mpaka ulio wazi. Mwanafunzi wa darasa la sita au la saba asipewe kubana springi ya gari. Kazi hiyo huonyeshwa na mwalimu au fundi. Mwanafunzi hutenda kwa springi nyepesi ambayo mkono wake mwenyewe waweza kuizuia. Tunatoa andalio lifuatalo kwa vipindi viwili vya dakika 40.

Utangulizi (dakika 10). Kila mwanafunzi apewe springi ya kalamu ya kubonyeza. Aibane kati ya vidole chini ya kitambaa, kisha aiachie. Mwalimu aulize: “Ulipokuwa umeibana bila kuitikisa, nguvu ilikuwa wapi?” Wengi hujibu kwamba haikuwapo, kwa kuwa hakuna kilichotikisika. Asiwasahihishe upesi, wabane tena na kusikiliza vidole vyao.

Kupima (dakika 20). Springi laini isimamishwe juu ya meza, na kibao chepesi kiwekwe juu yake. Waongeze chupa za maji za lita moja moja, kila moja ikiwa na uzito wa kilo moja hivi, na kuandika springi imeshuka milimeta ngapi. Wachore grafu. Wataona kwamba kila kilo hushusha kiasi kile kile kwa takribani. Huo ndio ukweli aliouchapisha Robert Hooke wa Uingereza mwaka 1678, nao wataupata kwa mikono yao.

Maonyesho (dakika 20). Wanafunzi wakae nusu duara ubavuni mwa meza, nyuma ya mstari wa chaki. Asiwepo yeyote anayeelekeana na springi, mbele wala nyuma ya mstari wake. Mwalimu afanye kazi yote mara moja kimya kimya, kisha mara ya pili akieleza kila tendo na sababu yake. Mwanafunzi yeyote apewe haki ya kusema “simama!” wakati wowote, na mwalimu asimame kweli.

Kutenda (dakika 20). Kwa vikundi vidogo, wanafunzi wakiwa na miwani ya kinga wabane springi nyepesi kwa klempu ndogo, mmoja akikaza, mmoja akitazama unyofu, mmoja akisema hatua zinazofuata.

Kupima maarifa (dakika 10). Skrubu ikiwa katikati, mwalimu aseme “simama”, amwelekee mwanafunzi mmoja na kuuliza: nguvu iko wapi sasa? Ikitoroka, itaelekea wapi? Nani yuko katika njia yake? Anayejibu maswali hayo matatu amelielewa somo, hata kama amesahau jina la kisahani.

Makosa yanayoonekana katika mazoezi ya kufundisha

Katika kuwatembelea wanachuo tumeona makosa ya aina mbili yakirudiwa. La kwanza ni kuanza na orodha ndefu ya majina ya sehemu. Wanafunzi hunakili ubao mzima, na kengele hulia kabla hawajaona springi ikibanwa. La pili ni zito zaidi, nalo ni kuipuuza ajali ndogo. Katika somo moja loki iliruka na kugonga ukuta. Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka, akachukua loki nyingine na kuendelea. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo somo bora kuliko yote ya siku ile lilikuwa limegonga ukuta ule, likaachwa liokotwe na mfagizi. Yafaa mwalimu asimamishe kazi hapo hapo na kuuliza: imetoka wapi, kwa nini imeelekea kule, na ingekuwaje kama mmoja wetu angalisimama pale? Woga usiwe shabaha ya maswali hayo. Mtoto aliyetishwa hukaa mbali na injini maisha yake yote. Mtoto aliyeelewa huikaribia kwa upande ulio salama.

Hitimisho

Kibanio cha springi za valvu ni zana ndogo, na pengine mwanachuo atapangiwa shule isiyo nayo. Kanuni yake, lakini, ataikuta kila mahali: katika jeki iliyobeba gari, katika tairi lililojaa upepo, katika tawi lililopindwa, katika kamba ya ndoo iliyokazwa kisimani. Vyote hivyo vimetulia huku vimebeba nguvu. Mwalimu aliyewazoeza wanafunzi wake kuuliza “nguvu iko wapi sasa?” amewapa kinga watakayokwenda nayo baada ya shule.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini loki za valvu haziwezi kuvutwa kwa koleo springi ikiwa haijabanwa.

2. Springi husukuma kwa kilo 24 valvu ikiwa imefungwa, na kila milimeta ya kubanwa huongeza kilo 3. Itasukuma kwa kilo ngapi ikibanwa milimeta 7 zaidi?

3. Fundi wa jirani anakupa shule yako kibanio cha wenzo bure. Utakipokea? Toa sababu, ukitofautisha mahitaji ya fundi na ya mwalimu.

4. Taja zana moja iliyopo katika shule uliyofanyia mazoezi ambayo hubaki na nguvu mkono ukiondoka. Andaa maswali matatu ya kuwauliza wanafunzi kabla hawajaigusa.